Msondo Haukuachwa

Bi Mgeni tumemzika Jumatano kwa mvua ya rasharasha, na Jumamosi tukamsomea khitma nyumbani kwa mwanangu Zuhura, Barking. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Mie nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu tunapakua pilau, na kila mmoja anaeleza jambo lake na marehemu. Huyu alimkanda alipojifungua, huyu alimfundisha mkate wa kumimina, huyu aliwahi kugombezewa mumewe mpaka mume akaomba radhi mbele za watu. Ilipofika zamu yangu nikainama kutafuta kijiko chini ya meza. Kijiko nilikuwa nacho mkononi. Wakadhani nalia, wakaniacha, na kweli macho yalikuwa mekundu, lakini hayakuwa ya kulia. Yalikuwa ya haya. Jambo langu mimi na Bi Mgeni ni la mwaka mmoja, miaka ya tisini inaishia, na nikilikumbuka uso unaniwaka hata nikiwa peke yangu na mlango nimefunga. Nimeamua kuliandika, maana waliokuwemo tumebaki wachache. Sitaanza na nilizaliwa wapi na baba yangu nani. Hayo yana wenyewe wa kuyaeleza, na nusu yao waongo. Na mwandiko wangu ni wa chuo cha Kurani na darasa la tatu, kwa hivyo mtanisamehe nikipotea njia, nitarudi.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Thamesmead, mie ghorofa ya pili, Bi Mgeni ya tatu, kwenye yale majengo ya zege ambayo mvua ikinyesha yanabadilika rangi kama mtu aliyejikojolea. Kuta za ndani zilikuwa zinatoka jasho. Mie nilizisugua kwa dawa ya kaunsili, serikali ya mtaa yenye majengo, kila Jumapili, yeye akazitundikia kanga, kanga ikilowa anaibadilisha, akisema ukuta nao unataka kuvaa. Asubuhi nilikuwa nasafisha maofisi upande wa mjini, nikirudi nampandia, namkuta kaniwekea chai ya mdalasini na muhogo wa nazi. Muhogo tuliufuata Tooting kwa Wahindi wa Kampala, basi mbili na treni, kwa ajili ya muhogo tu. Yeye alikuwa mtu wa Mrima, wa vijiji vya juu ya Pangani, akaolewa Unguja, na huku alimfuata mwanawe. Alikuwa kungwi. Si hawa wa siku hizi wanaokodishwa kwa simu waje na spika. Kungwi aliyecheza wali, wasichana waliovunja ungo, wa vijiji vitatu, na huko kwao mpaka leo ukilitaja jina lake mwanamke mzima anakaa sawa. Lakini Thamesmead nani angejua? Kwa majirani alikuwa bibi mmoja mwenye pumu anayepumzika kila baada ya ngazi nne, lifti ikiwa mbovu, na lifti ilikuwa mbovu.

Siku moja akaja Mzungu, binti wa miaka thelathini hivi, jina lake Jeni, kwa mlango wa Bi Mgeni na kopo la biskuti. Alikuwa amekaa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu, anakuambia shikamoo kabla hujamuona. Alikuwa anafanya kazi kwenye jumba moja la makumbusho hapa London, jina nitaliacha. Mtu alikuwa amemwambia kuna bibi wa Pangani Thamesmead. Akatoa picha kwenye mkoba akaiweka mezani, na bahati mbaya jikoni kulikuwa na fundi wa kaunsili, amelala chali chini ya boila, miguu nje. Bi Mgeni akaitazama ile picha mara moja tu, akachukua sahani ya muhogo akaiweka juu yake. Akaanza kumuuliza Jeni habari za Tanga, nani kafa, nani kaoa. Jeni anajibu huku jicho liko kwenye sahani. Boila ikachukua muda, na fundi mwenyewe akataka chai, tukampa chai. Alipoondoka ndipo Bi Mgeni akaiondoa sahani, akaifuta picha mafuta kwa ncha ya kanga, akasema kwa sauti ndogo kwamba hii ni ngoma ya ndani, haitazamwi na mwanamume hata wa boila.

Ilikuwa picha ya msondo. Wanaojua unyago wanajua ngoma hiyo, ndefu, ina mguu wake, inasimama yenyewe kama mtu. Ule ulikuwa umechongwa kiunoni mstari wa meno meno, na ngozi imekaza mpaka leo. Jeni akasema uko kwenye kabati la kioo, na chini yake kuna kadi inayosema Mzungu aliyekwenda kukusanya kodi huko Mrima, enzi za Wadachi, yaani Wajerumani, aliuokota uwanjani ukiwa umeachwa na wenyewe. Baadaye ukauzwa na kuuzwa tena mpaka ukafika London. Bi Mgeni akainuka akaenda kukoroga chungu kisichokuwa na haja ya kukorogwa. Kisha akatueleza, mgongo umetugeukia, kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa mwali siku hiyo. Wanawake walikuwa katikati ya wimbo, wamejifunga kama wanavyojifunga ndani, na yule mtu akaingia na askari wake moja kwa moja. Hawakupigana wala hawakupiga kelele. Walikimbia, wakubwa kwa wadogo, wamejifunika nyuso, wakalala porini. Waliporudi asubuhi uwanja upo, vyungu vipo, msondo haupo. Na hawakwenda kuudai. Kuudai kungetaka waende kwa wanaume waseme kilikuwa kitu gani na kilikuwa kinafanya nini, na hilo hakuna mwanamke aliyeweza kulitoa mdomoni.

Hapo akageuka na mwiko mkononi. Akamwambia Jeni, "Mtu akikukuta unaoga ukakimbilia ndani, nguo zilizobaki nje umezitupa?"

Jeni akainamisha kichwa. Akasema hana cheo cha kuurudisha, yeye mwenyewe yuko chini pale na kila mwaka hajui kama atabaki, lakini kuna kitu anaweza. Ndipo akatueleza habari za kofia. Siku hizi nasikia vijana wanaita uhalisia pepe na kila mtoto anayo chumbani. Wakati ule ilikuwa kama kuambiwa kuna gari la kwenda mwezini. Mtu anavaa kofia iliyoziba macho na masikio, na ndani yake anajiona yuko mahali pengine, akigeuza shingo na mahali pale panageuka. Jeni alikuwa na wenzake wawili wa kompyuta, na walitaka kuonyesha vitu vya mle jumbani vilikuwa wapi kabla havijachukuliwa, na vilichukuliwaje, kwa sababu watu wanavipita kwenye vioo wakidhani vimezaliwa humo. Wangeanza na msondo. Mtu atavaa kofia ajikute uwanjani Mrima, wanawake wanaimba, ngoma inalia, halafu wimbo unakatika katikati, anasikia miguu inakimbia, kimya, na msondo umebaki peke yake. Atajua mwenyewe, bila kadi, kwamba haukuachwa. Bi Mgeni akamuuliza mara mbili hilo la wimbo kukatika. Kisha akasema, "Hata mngenirudishia leo, nitauweka wapi, kwenye lifti? Mie nataka jambo moja kabla sijafa. Lile neno la kuachwa litoke." Toka siku ile nimemjua mtu anayetaka jambo moja tu. Alikuwa akila analizungumza, akisali analiombea, na mie nikipanda kumuona ananiuliza kama nimeota lolote.

Sasa hapa ndipo nilipoingia mie. Bi Mgeni kuhadithia aliweza, alihadithia vizuri mpaka wale vijana wa kompyuta wasiojua Kiswahili waliacha kula. Lakini kuimba, pumu. Alijaribu, tukiwa kwenye chumba kidogo cha kunasia sauti nyuma ya jumba, kuta zote zimefunikwa zulia kama kaburi la Firauni, na kila mstari wa pili anakohoa. Akaniambia, Mama Zuhura, imba wewe. Mimi wimbo ule nilifundishwa na yeye mwenyewe, hapo hapo Thamesmead, tulipokuwa tunamwandaa mwanangu kuolewa, maana mama hamchezi mwanawe, mie nilikaa nje ya chumba, nikaushika kupitia mlangoni. Maneno yake sitayaandika. Yanataja vitu kwa majina yake. Nilikataa, akanitazama, nikakubali, kungwi akikutazama vile huna njia. Na mnisikilize hapa, kwa sababu najua mtaniuliza kwa nini sikuuliza nani atasikia. Niliuliza. Jeni akanijibu kofia inavaliwa na mtu mmoja mmoja, hakuna mwingine anayeona wala kusikia. Na sisi wawili tukatulia kabisa. Kwa sababu kwetu wali ndivyo wanavyoingia, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Haikutupitia hata kwa mbali kwamba huyo mtu mmoja anaweza kuwa mwanamume. Mwanamume akiambiwa huu ni uwanja wa wanawake si anarudi mwenyewe? Fundi wa boila tungemwambia angerudi. Jeni naye, Kiswahili chote kile, kumbe jambo hilo halikumo kwenye Kiswahili chake. Nikaimba. Nikakohoa kidogo kwanza, kama kawaida yangu, nikaimba mpaka pale pa kukatika, nikakatika.

Tulikwenda pale mara nyingi mwaka ule, na si kwamba zilikuwa siku mbaya. Mchana Jeni alituletea mikate ya pembetatu, Bi Mgeni anaifunua mmoja mmoja kutazama kama mna nguruwe, anaifunika, anasema asante mwanangu, halafu anafungua kopo lake la aiskrimu lililojaa bajia, na wale vijana wa kompyuta wakajua siku zetu wakawa hawaleti chakula. Siku ya kujaribu kofia aliivaa yeye kwanza. Ilikuwa nzito, ina waya mnene kama mpira wa kumwagilia bustani, unaingia kwenye kompyuta kubwa kama friji. Jeni alimshika mabega. Bi Mgeni akauliza uwanja huu umefagiliwa na nani, hauna hata jani. Tukacheka. Akasema minazi yenu ina pembe kama kabati. Akauliza hawa wanawake mbona hawana miguu, mmeniletea mashetani, na kijana mmoja, Jeni alipomfasiria, akawa mwekundu akasema miguu ingechelewesha mashine. Halafu akaacha mzaha. Akanyoosha mkono, taratibu, kama unavyomnyooshea mtoto mgeni, na ule mkono ukapita mahali msondo ulipokuwa kwake, ukagonga kikombe cha Jeni kikamwagika. Alipovua kofia alikuwa na alama ya mpira kwenye paji, na machozi yameshuka mpaka kwenye ile alama. Akasema, ni hapo hapo. Mie nilipovaa nilitapika. Sikuona sana, niliona rangi za peremende na dunia inayumba, lakini nilisikia sauti yangu, na Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri.

Zuhura alikuwa ameolewa miezi michache tu nyuma na Khatibu, kijana wa Wete, fundi umeme, mpole, anayeongea kama anayeogopa kuamsha mtu. Wanaotoka kwetu sihitaji kuwaeleza mkwe mpya alivyo. Alikuwa haketi nilipo, hali ninapomuona. Mimi nikienda kwao nakohoa mlangoni ili apate kuvaa kanzu yake. Tulizungumza kupitia kwa Zuhura, hata tukiwa chumba kimoja. Mwambie mama chai inapoa. Mwambie mumeo asante. Tulikuwa tunapendana kwa njia hiyo, msidhani vingine. Siku ya ufunguzi, ya kuwaonyesha watu kofia, treni zilikuwa zimesimamishwa, na yeye akajitolea kutupeleka na gari lake. Nikafikiri atatushusha mlangoni. Lakini Bi Mgeni pumu ilimbana siku hiyo, Khatibu akamshika mkono kumpandisha ngazi, akaingia naye ndani, na mie nilikuwa nyuma nimebeba kopo la bajia. Ukumbi ulikuwa na watu wa suti na wanawake wenye vilemba vya Kinigeria. Nikaenda kutafuta pa kuliweka kopo. Niliporudi niliona kitu ambacho sikuambiwa. Ukutani, juu, wametundika televisheni kubwa, inaonyesha kila anachokiona mwenye kofia, ili wanaosubiri zamu wasichoke. Na kuna spika.

Walikuwa wamemvalisha Khatibu. Msichana mmoja wa jumba alimkuta amesimama karibu, akamwambia karibu ujaribu, na yeye ni mtu asiyejua kukataa, na hakuna aliyemwambia ni uwanja gani. Nilimuona kwa mgongo, shati jeupe alilopiga pasi mwanangu, kofia kichwani, waya unaning'inia. Kwenye televisheni uwanja unageuka pole pole kadiri anavyogeuza shingo. Kisha kwenye spika mtu akakohoa. Ndicho kikohozi changu cha mlangoni. Nikaona shingo ya mkwe wangu imesimama. Watu wote wanatazama juu, mie natazama shingo yake. Na mimi juu ya spika nikaanza kuimba, kwa sauti ile nzuri niliyojisikia nayo, na vile vitu vyote kwa majina yake, mbele ya suti na vilemba ambao hawakuelewa hata neno, na mtu mmoja aliyeelewa yote. Alipandisha mikono kuivua kofia, lakini mikanda ilikuwa nyuma na hakuijua, akawa anapapasa, na wimbo unaendelea. Alipoitoa nywele zimemsimama, akageuka, na wa kwanza kumuona ni mie. Sote wawili tukatazama chini. Kisha nikakimbia. Sikutembea haraka, nilikimbia, mtu mzima na buibui, nikafunika uso na mtandio, nikaingia choo cha wanawake nikafunga komeo. Nikiwa mle ndani nikasikia kupitia ukutani wimbo umefika pale pake, umekatika, na miguu ya wale wanawake inakimbia.

Jeni alikuja kugonga, sikufungua. Bi Mgeni akaja akakaa nje ya mlango kwenye kiti alicholetewa, hakugonga, nilimjua kwa pumzi yake. Mwishowe ikabidi kutoka kwa sababu jumba linafungwa, na ikabidi kupanda gari lile lile, kwa kuwa treni hazipo. Nawaambia safari ndefu nimezisafiri, nimetoka kwetu usiku bila kuaga, lakini kutoka mjini mpaka Thamesmead siku ile sijapata kuona. Mie nyuma, nimejikunja. Khatibu mbele ameshika usukani kwa mikono miwili, hatazami hata kioo cha nyuma, nikawa naogopa tutagongwa. Na Bi Mgeni, aliyekatazwa na daktari kusema sana, akazungumza njia nzima. Alizungumza samaki changu wa barafu anavyopoteza ladha, na namna ya kumrudishia. Tukaingia kwenye pango la magari la chini ya mto, anaeleza ukwaju. Tukatoka pango, anaeleza pilipili. Hakuacha nafasi hata ya kupumua, alikuwa anapumua ndani ya maneno, kwa sababu alijua akinyamaza kitakachosikika humo garini ni nini.

Baada ya siku hiyo Khatibu hakuja kwangu. Zuhura anakuja peke yake, ananiambia ana kazi za ziada, na macho hayatulii. Mwezi ukapita. Nikaanza kusikia, si kwake, kwa watu, kwamba anataka wahamie Birmingham kwa kaka yake. Bi Mgeni nilimwambia sitaki kula, akaja mwenyewe chini kunilisha uji, ngazi zote zile. Jeni naye alikuja, uso umemvimba kwa kulia. Tulimwambia, basi wakataze wanaume. Akasema ameuliza, jumba haliwezi kuzuia mtu kwa kuwa ni mwanamume, ni sheria. Zinabaki njia mbili, wimbo ubaki kwa kila mtu au utoke kwa kila mtu. Nilikuwa nimekaa pembeni ya dirisha la Bi Mgeni, lile linaloangalia maji, na najua nilijua alichokuwa anakitoa. Bila wimbo kofia inaonyesha nini? Uwanja na msondo umesimama peke yake. Bi Mgeni akanitazama muda, akamwambia Jeni autoe. Jeni akasema, lakini bibi, basi itakuwa ni kama alivyoandika yule mtu. Bi Mgeni akasema, "Najua itakuwa kama nini. Ngoma imekaa huko miaka, itakaa. Huyu ana mkwe mmoja, na Idi inakuja." Mie ningeweza kusema kitu. Neno moja, uache, bibi, mie nitavumilia. Nilitazama maji. Kulikuwa na bata.

Idi, Khatibu alikuja. Alileta ndoo ya halua, akaketi sebuleni kwangu ameangalia zulia, na Zuhura akaniambia mumewe anauliza kama nina afya. Nikasema mwambie ninayo. Birmingham hawakwenda. Kaseti ya wimbo Jeni alimrudishia Bi Mgeni, na yeye aliifungua mbele yangu, akavuta utepe wote mpaka ukajaa mapajani kama nywele, akautia kwenye mfuko wa taka na maganda ya muhogo, ili nilale. Baadaye alitaka kwenda kuivaa tena kofia. Nilimsindikiza, nikamshika mabega mimi. Alizungusha shingo mara moja kulia, mara moja kushoto. Wale wanawake wasio na miguu nao walikuwa wametolewa, maana wimbo hawana. Hakunyoosha mkono. Akasema, "Yule bwana amesema kweli," akavua, tukaenda kutafuta basi. Mwaka uliofuata mashine ikaharibika, wakaitupa, Jeni akapata kazi nchi nyingine, na msondo wakaupeleka ghalani, nasikia uko na kadi yake. Bi Mgeni hakunitajia tena jambo lile, wala kwa utani, na alikuwa mtu wa utani. Miaka ishirini na zaidi nimekula naye, na kila aliponikaribisha muhogo nilisikia haya ya mtu aliyelipiwa kitu ghali akiwa ametazama bata. Ndiyo maana niliinama chini ya meza.

Jumamosi hiyo, watu walipokwisha kuondoka, tukabaki kukosha masufuria, mie, Zuhura, na mjukuu wangu Salma, mtoto wake na Khatibu. Salma anaolewa mwezi wa kumi, mtoto wa Barking huyu, Kiswahili anakisikia chote, kukijibu anajibu Kiingereza. Akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba Bi Mgeni alikuwa ameanza kumfundisha, Jumapili, hospitalini, pazia limevutwa. Alimfundisha karibu yote. Kuna wimbo mmoja hakuufikia. Alimwambia, huo kamuombe bibi yako, anao, na akikataa usimlazimishe.

Zuhura akaweka chini kitambaa. Akachukua trei ya vikombe akaenda zake ghorofani, na akafunga mlango nyuma yake, ambavyo ndivyo mama anavyotakiwa. Nikamwambia Salma baba yako yuko hapo sebuleni, ukuta wenyewe wa ubao. Akafunga bomba la maji. Ana miaka ishirini na minne na alikuwa na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Nilitaka kusema kesho, njoo kwangu. Lakini mie nina sabini na kitu, na Bi Mgeni naye kesho alikuwa nazo nyingi.

Nikakohoa. Upande wa pili wa ukuta kiti kikalia, nikajua Khatibu amesikia. Nikaanza mstari wa kwanza, sauti imekwaruza, nikaona aibu inanipanda kutoka miguuni kama maji ya moto, nikasimama. Na hapo nikasikia televisheni ya sebuleni inaongezwa sauti. Ilikuwa taarifa ya hali ya hewa. Nikaendelea, na kila nilipopandisha na yeye akapandisha, mpaka yule mtu wa televisheni akawa anapiga mayowe ya mvua ya Uskochi na vijiko vinatetemeka kwenye droo, na Salma ananifuata mdomo, anakosea, anafuata. Jirani akagonga ukuta wake. Televisheni haikupunguzwa. Tulipofika pale nilipoambiwa nikatike kwa ajili ya kofia, sikukatika, wimbo una mistari minne baada ya hapo. Nikaimaliza, nikamfuta mtoto povu mikononi, nikamwambia tena, tuanze mwanzo.